Simu Iliyovuka Mpaka Peke Yake

Mwanangu Enala,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali. Mimi sina haja, maana nakusikia hapo uani, nyuma ya duka, unafua mashuka niliyokwambia uyaache, na unaimba wimbo wa kwaya kwa sauti yako ya pili, ile ambayo ikiwa peke yake mtu haelewi wimbo ni upi. Kwa hiyo u mzima. Nami ni mzima, isipokuwa moyo, ambao tangu asubuhi unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nimefunga duka mapema. Kuna mzee kaja na flashi yake achapiwe barua ya mwaliko, nimemwambia arudi keshokutwa, akanuna, nikamwacha anune. Mashine zote nimezizima na naandika kwa kalamu, maana kwenye kompyuta ningefuta kila sentensi na barua isingekwisha. Nje malori yamejipanga kusubiri kuingia Zambia, madereva wanasonga ugali chini ya matrela, na vumbi limesimama hewani, jua limelitia rangi ya chai. Ni saa ile ya jioni ambayo Tunduma yote inaonekana kama mji ulioota ndoto ya kusafiri ukasahau kuamka. Kesho wakati kama huu utakuwa umeshashuka basi, uko juu ya bodaboda kuelekea Galula, na kutoka Galula bado mbele, kwenye hiyo shule yenu ambayo mkuu wake alisema kwa fahari, "Mtandao upo, mwalimu, ila una mahali pake."

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo nimekuimbia tangu unaota meno. Nataka kukuandikia habari ya laptop unayoondoka nayo, na ya neno la siri la msimamizi, ambalo mpaka leo mchana nalijua mimi tu.

Wewe unadhani nimesahau kukupa. Sikusahau, nilipanga. Nilipanga uende na mashine, ufunguo nibaki nao, ili kila utakapotaka kuweka programu mpya mashine ikuombe neno la siri, na wewe unipigie, nami nikujibu, "Hayo si ya kutajana kwenye simu. Njoo nayo nyumbani, nitakuwekea." Mama mzima, mwenye duka la steshenari na heshima zake kanisani, nilikusudia kukufunga kamba ndefu kama mbuzi. Ulishawahi kunilalamikia, "Mama, hata programu ya kuchorea jedwali lazima nikuite?" Nikacheka, nikakuwekea, na nilifurahi kuitwa. Mpaka leo asubuhi nilikuwa bado najiuliza kama nitakupa ufunguo huo au nitaendelea na mpango wangu, na naandika ili ujue nilivyoamua.

Unakumbuka mashine zetu zilivyougua? Kila mteja alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Unafungua kazi ya mtu, mafaili yote yamegeuka vijialama visivyofunguka. Ndipo Fundi Ayubu akaja akatuwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nilipoona kioo cheusi na maandishi meupe yanashuka nikadhani ameiua kabisa.

"Hii ndiyo nini, Ayubu? Mbona haina sura?"

"Mama Enala, sura inakuja. Hii virusi vya hizo flashi haviiwezi. Ila itakutaka usome. Ikikataa kitu, inakwambia kwa nini imekataa. Wewe soma tu, usigonge gonge."

Ilikuwa masika. Mvua ilipiga bati mpaka hatusikilizani, wateja hawaji, na wewe bado una sare ya shule ulikaa ubavuni pangu na kamusi, tukawa tunasoma yale majibu ya mashine ya kukataa neno kwa neno. Ruhusa imekataliwa. Faili halipo. Diski imejaa. Nilizipenda siku hizo. Ukungu uliingia mpaka mlangoni, kioo kikawa ndicho taa yetu, na ulikuwa unanukia sabuni na mkaa. Nikikuona siku hizi na miwani yako, bado namwona yule mtoto anayesema, "Ngoja, mama, usibonyeze. Imesema kitu."

Mimi na kubonyeza! Ile kazi ya yule dada wa Ihanda unaijua. Aliniachia diski ya picha za harusi nimhifadhie, nami siku hiyo nilikuwa naandaa flashi ya kuwekea Linux kwenye mashine ya mteja. Kwenye amri nikataja diski isiyo yenyewe. Herufi moja tu. Linux haikuuliza, maana nilikuwa nimeingia kwa uwezo wa msimamizi, na msimamizi haulizwi. Picha zote zikafutika, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikapanda gari mpaka Ihanda kumwambia uso kwa uso, sikutaka kumwambia kwa simu. Alikuwa anapepeta maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja, "Hata ile ya baba amenishika mkono?" Baba yake alikuwa ameshafariki. Nikasema hata hiyo. Akaendelea kupepeta, na nilipoondoka akanipa maharage kwenye mfuko, na mimi nililia njia nzima mpaka kondakta akanihamishia dirishani nipate hewa.

Kwa hiyo, huko shuleni, kila kitu chenye maana kiwe mahali pawili, na mahali hapo pawili pasiwe ndani ya jengo lile lile. Na usifanye kazi za kila siku kwa uwezo wa msimamizi, hata ukiwa nao. Ingia kama mwalimu wa kawaida, uombe ule uwezo pale unapouhitaji, halafu uuache. Hilo mashine ilinifundisha kabla maisha hayajanifundisha, lakini sikulitoa kwenye mashine kulipeleka nyumbani.

Marehemu bibi yako wa Iyula alilijua bila kompyuta. Kwake mtandao ulikuwa unashika juu ya kichuguu kimoja, mwisho wa shamba la kahawa. Siku ya kupiga simu alikuwa anaoga, anapaka mafuta, anavaa kitenge chake kizuri, anafunga kilemba, ndipo anapanda. Jirani akimwuliza, "Waenda wapi, mama?" anajibu, "Naenda kumwona mwanangu Tunduma." Kahawa ikiwa imechanua, anasema maua yananukia mpaka anahisi nami nayasikia. Na mimi kweli niliyasikia, huku nimezungukwa na moshi wa malori. Katika miaka yote ile hakuwahi kuanza kwa kuniuliza niko wapi. Alianza na mvua, kisha mahindi, kisha ndoto aliyoota, kisha ananyamaza kidogo, na katika kule kunyamaza mimi mwenyewe nilikuwa namwambia mambo yangu yote.

Mimi swali langu la kwanza siku zote ni "uko wapi?" Nililipata kwa baba yako. Ukiolewa na dereva wa lori unajifunza kuuliza hivyo. Uko wapi, umevuka, umelala wapi, mbona simu imezimwa. Alipokuwa ananijibu jina la mji, nililala, kana kwamba jina la mji ni mtu. Leo mchana amepiga kutoka njiani, amekubariki kwa maneno mengi kuliko aliyonipa mimi siku ya kunichumbia, nami nikamkatiza, "Uko wapi?" Ugonjwa huu hauna dawa ya dukani.

Sasa nifike pale tunapopakwepa wote wawili.

Siku ile umeme ulikatika tangu mchana, na mnara wa upande wetu nao ukazimika. Wewe ulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya kule kanisani mwinukoni. Nilikwambia saa kumi na mbili uwe umerudi. Ilipofika nikapiga, laini yako ya Tanzania haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nikafungua laptop ya duka kwa bando la laini yangu ya Zambia, maana hapa kwetu nani hana laini mbili, nikatazama ile ramani niliyoiunganisha na simu yako siku niliyokununulia, nikakwambia ni kwa ajili ya wezi. Kidoti chako kilikuwa ng'ambo. Kilikuwa Nakonde, upande wa Zambia, katikati ya nyumba nisizozijua, na kilikuwa kimetulia.

Sikusimama kufikiri. Nilijifunga kitenge nikapita njia ya panya nyuma ya maghala, mimi ninayewasema wengine wanaopita humo. Nikatembea Nakonde naita jina lako. Mwanamke mmoja muuza salaula, mitumba kwa lugha ya kwao, alinionea huruma akanisalimu kwa Kibemba.

"Muli shani, bamayo? Mwamtafuta nani?"

"Binti yangu. Mrefu, ana skafu ya kwaya ya bluu."

"Awe, bamayo, hapana. Hajapita hapa."

Nikaenda mpaka kwa mama yako mdogo. Naye akasema, "Dada, huyu mtoto sijamwona tangu Pasaka. Kaa unywe maji." Sikukaa. Nilirudi na kila mwanaume niliyepishana naye nilimwona kama ndiye aliyekuficha. Giza lilikuwa linaingia nilipofika nyumbani, na wewe ndiyo kwanza unafika mlangoni, na mwalimu wa kwaya na wenzako wanakusindikiza mkicheka. Ukaniambia kwa furaha yako yote, "Mama, leo nimewahi! Saa kumi na mbili bado."

Saa yangu ilikuwa inakaribia saa moja. Nikasema niliyoyasema. Sitayaandika hapa, maana uliyasikia na wenzako waliyasikia, na nilikutaja na wanaume wa Zambia mbele ya watu wa Mungu. Ukanyoosha simu, ukasema, "Soma, mama. Soma." Nikaipiga kofi ile simu ikaanguka, kioo kikapasuka.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeiokota. Akasema kwa upole, "Mama Enala, huyu tangu saa tisa tuko naye. Tazama na ya kwangu. Zote zimerudi nyuma saa moja, na zote zimepata ujumbe wa kukaribishwa Zambia. Simu ndizo zilizovuka. Sisi tulikuwa kanisani."

Baadaye Ayubu alinieleza vizuri. Mnara wetu ulipozimika, simu zikashika mnara wa wenzetu, na kwa kuwa ziliachiwa zijipangie saa zenyewe, zikachukua saa ya Zambia, ambayo iko nyuma yetu. Na chini ya bati la kanisa simu haikuona setilaiti, ikakisia ilipo kwa mnara iliokuwa inausikia. Mashine haikusema uongo. Ilisema inavyodhani, mimi nikaifanya ushahidi.

Nilikuomba radhi siku ile? Nilikuomba kwa ule mtindo wetu wazazi. Nilisema, "Basi kula, chakula kinapoa," na nikakuwekea kipande kikubwa cha nyama. Ulikula. Hukurudi kwaya mpaka msimu wa mavuno ulipopita. Na tangu hapo ukaanza kuniambia ulipo kabla sijauliza. Nimefika, mama. Nimetoka, mama. Niko kona ya sokoni, mama. Wamama wenzangu wakanisifia nina binti mtiifu. Mimi nilijua nimepata askari wa zamu. Yale mengine, ya nani kakuchekesha na nini kimekuliza, niliacha kuyasikia. Ulipoomba kwenda kujitolea kufundisha, barua ya kukubaliwa niliisikia kwa Ayubu, ambaye alidhani nilishajua. Nilisema, "Ah, ndiyo, aliniambia," nikaingia nyuma ya duka nikasimama tu kati ya maboksi ya karatasi.

Nisamehe, Enala. Leo nimeliandika, halina nyama juu yake.

Nakuona kwa mawazo huko uendako, ingawa sijawahi kufika. Naona vumbi jekundu, mibuyu, vijana na pikipiki zao wakitoka machimboni, na darasa moja lenye kompyuta chakavu za msaada zilizofunikwa mashuka kama wagonjwa. Usiziogope. Zipe Linux nyepesi, ile tuliyoweka kwenye mashine yetu kuukuu, nazo zitaamka. Wanafunzi wawe na akaunti yao, walimu yao. Ruta iweke juu, katikati, mbali na bati na ukuta mnene, na ujue kwamba Wi-Fi haihitaji intaneti ili iwe na faida. Weka vitabu na mitihani ya zamani kwenye mashine moja, nyingine zote zivute kutoka pale, na mtandao wa nje ukikosekana wiki nzima watoto hawatajua. Mambo mazito ya kupakua, pakua siku ukija mjini, ubebe.

Na simu, ichagulie mtandao kwa mkono wako usiiache itangetange. Mahali pa mawimbi ya kubahatisha, irudishe kwenye mtandao ule wa zamani wa kupigia tu, itatulia na chaji itakaa. Simu inayotafuta mnara muda wote inachoka haraka kuliko inayozungumza. Ukiwa darasani izime kabisa. Ndiyo, mimi ndiye nasema hivyo, na nimelikata neno hilo nikaliandika upya, utaona hapo wino ulivyochafuka.

Maana hofu yangu ni hiyo, mwanangu, na siionei haya tena. Naogopa siku nitakayopiga na yule dada wa kwenye simu aniambie hupatikani, na kesho yake hivyo hivyo, na mimi sina ramani wala kidoti. Nitafikiria nyoka, nitafikiria mashimo ya dhahabu, nitafikiria bodaboda. Nitataka kufunga duka nije. Lakini bibi yako alikuwa anashuka kwenye kichuguu kile na kukaa majuma bila kunisikia, na hakunihesabu kuwa nimepotea. Alinihesabu kuwa naishi. Sikumwuliza alikuwa anawezaje, na sasa hayupo wa kumwuliza, kwa hiyo nitajifunza mwenyewe, vibaya vibaya, kama nilivyojifunza Linux.

Mchana huu, ulipokwenda kuwaaga akina mama wa kanisani, niliiwasha laptop yako. Kwanza nilifungua ile ramani nikaiondoa simu yako. Ikaondoka kimya, sikutegemea jambo kubwa hivyo liwe jepesi. Halafu nikaingia kwa jina langu, nikakupa uwezo wa msimamizi. Neno la siri ni lile lako mwenyewe, la kila siku, nisilolijua. Kisha nikataka kujifuta. Nilitaka ukifika huko uwashe ukute mashine ni yako peke yako, usinione popote. Nikaandika amri ya kuiondoa akaunti ya mama, nikafumba macho, nikabonyeza.

Ikakataa. Safari hii sikugonga gonga, nilisoma. Ilisema mtumiaji huyu bado anatumika. Nikaelewa kwamba aliye ndani hawezi kujifuta mwenyewe. Lazima atoke kwanza, halafu mwingine mwenye uwezo ndiye amwondoe.

Basi nimetoka. Ukiiwasha utakuta majina mawili, la kwako na la mama. Ingia kwa la kwako. Siku ukipenda, liondoe la kwangu, au liache lilivyo, vyote ni sawa na vyote viko mikononi mwako. Sitakuuliza ulifanya nini. Na simu yangu ikilia kutoka huko, nitajua hakuna kilichokulazimisha.

Mama yako,
Yusta